Kumsoma upya Ramatoulaye ukiwa mtu mzima

Swali: Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Bukavu. Nilisoma riwaya ya Mariama Bâ, mwandishi wa Senegal, Une si longue lettre (Barua ndefu kama hii), nikiwa mwaka wa tano wa sekondari, mimi na rafiki yangu wa Kadutu, hapa hapa Bukavu, tukipokezana nakala moja ya fotokopi. Wakati ule sote wawili tulimpenda Aissatou aliyemwacha mumewe alipooa mke wa pili, tukamwona rafiki yake Ramatoulaye, aliyebaki katika ndoa yake, kuwa mwoga. Mwaka huu nimeisoma tena na nimejikuta niko upande wa Ramatoulaye. Tena nimeona riwaya inazungumzia urafiki wa wanawake wawili kuliko ndoa ya wake wengi, ambayo ndiyo tuliyofundishwa darasani. Je, tulisoma vibaya, au ni umri tu? Rafiki yangu sasa anaishi Ubelgiji na kwa muda mrefu tumebaki kusalimiana tu. Nina pia binti wa miaka 16; nimpe kitabu hiki asome?

Jibu:

Mama mpendwa, hamkusoma vibaya. Mlisoma kile ambacho wasichana wawili wa umri ule wangeweza kukiona, na mkakiona vizuri, kwa sababu kuondoka kwa Aissatou kumeandikwa makusudi ili msomaji kijana ashangilie. Hata hivyo sikubali kwamba tofauti yote inatokana na umri wako. Sehemu kubwa inatokana na namna tulivyozoea kuifundisha riwaya hii katika shule zetu. Tangu ilipotoka Dakar mwaka 1979 na kupata mwaka uliofuata tuzo ya Noma ya vitabu vinavyochapishwa Afrika, iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza, imeingia katika madarasa ya nchi nyingi zinazotumia Kifaransa, na mwalimu mwenye saa chache na mtihani mbele yake huandika ubaoni «mada: ndoa ya wake wengi», wanafunzi wakanakili, na jambo likaishia hapo. Mada hiyo imo kweli. Lakini ndoa ya wake wengi ndiyo inayoleta matukio, ilhali kinachobeba riwaya yote, kuanzia sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho, ni mwanamke mmoja anayemwandikia rafiki yake.

Nakuomba uurudie mwanzo wake. Ramatoulaye anamwambia Aissatou kwamba amepokea ujumbe wake, na kwamba badala ya jibu anafungua daftari limshikilie katika fadhaa yake. Mumewe, Modou Fall, amekufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo, na mjane yumo ndani kwa siku zake za eda. Kuanzia hapo kila «wewe» iliyomo kitabuni ni Aissatou. Na hapa pana jambo ambalo kijana hulipita bila kusimama: Ramatoulaye anamsimulia Aissatou mambo ambayo Aissatou anayajua fika. Anamsimulia utoto wao wa pamoja, shule yao, na hata namna ndoa ya Aissatou mwenyewe ilivyovunjika, sura nzima baada ya sura. Wanafunzi huniuliza kwa nini, nao hujijibu kwamba ni mbinu ya mwandishi ya kutupatia habari sisi wasomaji. Mbinu imo, sikatai. Lakini mtu aliyewahi kukaa kwenye matanga anajua kitu kingine. Anayekuja kukaa nawe usiku wa msiba hakuletei habari mpya. Anakusimulia yale uliyoyaishi mwenyewe, namna ulivyoolewa, namna marehemu alivyokuwa akicheka, siku ile mlipokosa karo na mkaipata, ili ujue kwamba alikuwapo, aliona, na hajasahau. Ramatoulaye anamfanyia rafiki yake hivyo hivyo, ingawa aliyefiwa ni yeye. Wakati anaandika juu ya kifo cha mume wake, anasimama katikati na kuusimulia upya uchungu wa mwenzake kana kwamba kilio ni cha wawili.

Tazama pia vitu vidogo anavyovichagua. Bibi zao walikuwa majirani, nyua zao zikitenganishwa na kitalu tu, na kila siku wakipelekeana habari kupitia hapo. Wao wawili walichakaza vitenge na viatu vyao kwenye njia ile ile ya mawe iendayo chuo cha Kurani. Meno yao ya utoto waliyafukia katika mashimo yale yale, wakimwomba panya awarudishie mengine mazuri zaidi. Ukikisoma kifungu hiki kwa sauti utasikia kwamba hakuna sifa hata moja ya urafiki ndani yake, hakuna «tulipendana sana» wala «ulikuwa kama dada yangu». Kuna kitalu, njia na shimo. Mimi naona hapo ndipo Mariama Bâ anapowazidi waandishi wengi walioandika juu ya wanawake wanaopendana: anausadikisha urafiki kwa kuuonyesha mahali ulipokaa.

Sasa nije kwenye hukumu yenu ya zamani, kwamba Aissatou ni shujaa na Ramatoulaye ni mwoga.

Aissatou ni binti wa sonara. Mawdo Bâ, daktari, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Sine, alimwoa kwa mapenzi huku mama yake akikataa. Mama huyo, Shangazi Nabou, alikwenda kwao, akachukua mtoto wa kaka yake, akamlea na kumsomesha ukunga, kisha akamkabidhi mwanawe awe mke wa pili. Mawdo akakubali, akisema hataki mama yake afe kwa aibu. Aissatou akaandika barua fupi, akaiacha kitandani, akaondoka na watoto wake wanne wa kiume. Alisoma Ufaransa, akawa mkalimani, akapata kazi katika ubalozi wa Senegal huko Marekani. Ni njia iliyonyooka, na barua ile ya kuaga ni kati ya kurasa zilizonyooka kuliko zote kitabuni.

Ramatoulaye ana watoto 12 na miaka 25 ya ndoa siku ile watu watatu wanapoingia sebuleni kwake: imamu, Tamsir, ambaye ni kaka wa Modou, na Mawdo huyo huyo. Wanazunguka maneno, wanamshukuru Mungu, mpaka anaelewa kwamba wamekuja kumwarifu kuwa Modou ameoa siku hiyo, tena ameoa Binetou, mwanafunzi mwenza wa binti yao Daba, msichana aliyekuwa akija nyumbani kudurusu. Modou mwenyewe hakuja. Halafu linafuata jambo ambalo karibu kila mwanafunzi wangu hulisahau anapofunga kitabu: Modou hakurudi tena. Ramatoulaye alikuwa amejiandaa kugawana mume kwa haki kama dini inavyoagiza, na mume hakuleta hata hiyo nusu. Kwa hiyo tunaposema «alibaki», tuulize alibaki na nani. Alibaki na nyumba, na bili za umeme na maji zenye tarehe zake za mwisho, na makomeo ya milango ya kununua, na watoto, na redio ya kumliwaza usiku. Alikwenda sinema peke yake akakaa katikati ya watu waliomkodolea macho. Huo si woga. Wote wawili waliachwa. Mmoja alibadilisha anwani na mwingine hakuibadilisha.

Na kuna ukurasa ambao msichana anauruka lakini mwanamke aliyewahi kununua kiwanja pamoja na mumewe hawezi kuupita. Baada ya kifo inagundulika kwamba nyumba ya Binetou ilipatikana kwa mkopo wa benki, na rehani ya mkopo huo ni nyumba anamokaa Ramatoulaye, nyumba iliyonunuliwa kwa akiba ya wote wawili lakini yenye hati kwa jina la Modou peke yake. Mariama Bâ analitaja jambo hilo kwa mistari michache, pasipo kupiga kelele. Nina hakika mwaka wa tano hamkuliona, na nina hakika safari hii umeliona, kwani mjini kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya jina moja tu kwenye cheti cha kiwanja siku ukoo wa marehemu unapokuja kuhesabu vitu.

Lakini kitu kinachonigusa zaidi katika tofauti ya hawa wawili ni kwamba aliyeondoka hamkaripii kamwe aliyebaki. Aissatou angeweza kusema «nilikuonyesha njia». Badala yake, anaposikia kwamba Ramatoulaye na watoto wanasukumana katika mabasi ya Dakar, anafanya jambo moja. Siku moja Ramatoulaye anaitwa kwenye duka la magari ya Fiat na kuambiwa achague gari, Aissatou atalilipa lote. Anajifunza kuendesha, anaishinda hofu yake, na nafasi ile finyu kati ya usukani na kiti inakuwa yake. Baada ya kusimulia hayo ndipo anapoandika sentensi inayonukuliwa kila mahali, kwamba urafiki una ukuu ambao mapenzi hayaujui. Watu huinukuu peke yake kama methali. Mahali pake ni pale, pembeni ya Fiat 125, na ukiing'oa hapo inakuwa nyepesi. Sisemi kwamba urafiki ni gari. Nasema Aissatou alimpa mwenzake msaada uliofaa maisha ambayo mwenzake aliyachagua, na hakumtaka kwanza abadilike afanane naye.

Udada wa kitabu hiki haukomei hata hivyo kwa mtu uliyekua naye, na hapa naomba uisome tena kwa utulivu sura ya Daouda Dieng. Tamsir alikuwa amekwisha kuja, mara tu siku 40 zilipotimia, kumwoa mjane wa ndugu yake kama vile amekuja kuchukua kiti alichokisahau, na Ramatoulaye alimjibu kwamba anasahau kuwa yeye ana moyo na akili, si kitu cha kupitishwa mkono kwa mkono. Katika mikoa yetu, ambako kurithi mjane si hadithi ya mbali, wasomaji hulipigia makofi jibu hilo. Daouda ni mtu mwingine kabisa. Ni mchumba wake wa ujana, daktari, mbunge, mstaarabu, na bado anampenda. Angekuwa pumziko kwake. Lakini Daouda ana mke na watoto. Ramatoulaye anamkatalia kwa barua, akisema kwamba yeye aliyeachwa jana kwa sababu ya mwanamke mwingine hawezi leo kujiingiza kwa furaha kati ya Daouda na jamaa yake. Mke wa Daouda hatajua kamwe alichotendewa. Daouda anarudisha jibu la maneno matatu, «Tout ou rien», yaani yote au hakuna, kisha kwaheri. Farmata, jirani anayepiga ramli kwa kauri aliyeipeleka barua ile, anamkasirikia Ramatoulaye kwa kuipoteza bahati kama hiyo, na nakiri msomaji anayehesabu karo za watoto 12 anaweza kumwelewa Farmata. Kwangu mimi hii ndiyo sura kubwa kuliko zote, ijapokuwa mazungumzo yanayoitangulia juu ya wanawake na bunge ni marefu kupita kiasi na unaweza kuyapita upesi.

Usikubali, hata hivyo, mtu akuambie kwamba kitabu kinawasifu wanawake wote. Shangazi Nabou anamvunja Aissatou kwa subira ya miaka. Mama yake Binetou, aliyechoka na umaskini, anamsukuma mtoto wake aache shule aolewe na mtu mwenye umri wa baba. Siku ya msiba mawifi wanazifumua nywele za wajane wawili waliokaa pamoja, na wanawapa heshima ya kipimo kimoja, Ramatoulaye akitazama miaka 30 na miaka mitano ya ndoa ikisawazishwa, uzazi wa mara 12 na wa mara tatu ukisifiwa kwa maneno yale yale. Wanawake ndio wanaotenda mengi ya mabaya haya, na Mariama Bâ halifichi hilo.

Na kuna jambo ambalo mimi nalilaumu, au niseme linanisumbua kila ninapokifundisha kitabu hiki: Binetou hana sauti. Ramatoulaye anamwita mwanakondoo aliyechinjwa kwa ajili ya mali, na hapo anamhurumia kweli. Lakini huruma hiyo haifiki mahali pa kumpa msichana yule nafasi ya kusema. Mama yake hana hata jina, anaitwa kwa dhihaka «Bibi Mama Mkwe». Wanaoandikiana barua ni wanawake waliosoma shule ya ualimu, wenye mishahara na wasichana wa kazi. Riwaya ni ya Ramatoulaye na anaona kwa macho yake, nalo ni jambo halali. Ila msomaji mtu mzima anaweza kumpenda na papo hapo kuona mahali macho yake yanapoishia. Nadhani hilo ni moja ya mambo uliyokuwa ukiyatafuta uliposema umeona kitabu kingine.

Kuhusu umri, basi, ninalo neno moja. Mariama Bâ alizaliwa Dakar mwaka 1929, akalelewa na babu na bibi yake baada ya kufiwa na mama, akasoma shule ya ualimu ya wasichana ya Rufisque, akafundisha, akazaa watoto tisa, akaachana na mumewe, akafanya kazi kubwa katika vyama vya wanawake. Riwaya hii, ambayo ni ya kwanza kwake, ilitoka akiwa na miaka 50. Aliitabaruku kwa wanawake wawili kwa majina yao, Abibatou Niang na Annette d'Erneville, halafu kwa wanawake wote na kwa wanaume wenye nia njema. Alifariki mwezi Agosti mwaka 1981, na riwaya yake ya pili ilitoka baada ya kifo chake. Kwa hiyo ulichosoma mwaka wa tano ni kitabu cha mwanamke wa miaka 50 anayemwandikia mwanamke wa rika lake. Mliruhusiwa kuisoma barua ya mama zenu. Safari hii umekaribia umri wa yule aliyeandikiwa, na ndiyo maana imekuita kwa sauti tofauti.

Binti yako mpe. Usimweleze kwanza ni kitabu cha nini, wala usimwambie wewe uko upande wa nani. Nina hakika atasimama mahali ambapo wewe hukusimama, kwenye sura za watoto. Ramatoulaye anawakuta mabinti zake watatu wakivuta sigara chumbani, anatikisika, anajiuliza kama uhuru aliowapa umezidi. Baadaye binti mwingine, aliyeitwa Aissatou kwa heshima ya rafiki yake, anapata mimba akiwa bado mwanafunzi. Mama anakasirika, anaumia, kisha anamkumbatia, na anaanza kutafuta namna ya kumaliza mwaka wa shule kabla shule haijagundua, kwani msichana angefukuzwa huku kijana aliyempa mimba akiendelea na masomo yake. Binti wa miaka 16 wa Bukavu anaijua habari hiyo kutoka darasani kwake. Akikuuliza ungefanya nini wewe, mjibu ukweli, maana swali hilo ndilo litakalomfanya amalize kitabu. Kama Kifaransa kinamchosha, tafsiri ya Kiswahili ipo.

Amebaki rafiki yako wa Ubelgiji. Sijui kilichowapunguza mkabaki kwenye salamu, na hukusema, basi sitakisia. Ninachoweza ni kukuonyesha sura ya mwisho. Aissatou anakuja kesho. Ramatoulaye amewekeana dau na Daba juu ya nguo atakayoivaa rafiki yake, na yeye amebashiri suti ya Kizungu. Anakisia kwamba Aissatou, aliyezoea kuishi mbali, atataka meza, sahani, kiti na uma. Naye anamwandikia kwamba hatamwachia: atamtandikia mkeka, na juu yake litawekwa bakuli kubwa linalofuka mvuke, na Aissatou itambidi avumilie mikono ya wengine ikichota humo humo. Ni utani wa mtu anayeogopa kidogo kwamba miaka na bahari vimembadilisha mwenzake, na anayeamua kumpokea bila kujifanya haoni mabadiliko hayo. Kitabu kinakwisha kabla hawajaonana, kwa hiyo hatujui ni mkeka au ni meza iliyoshinda.

Ushauri wangu ni mwepesi kuutekeleza. Usimtumie rafiki yako barua ya kuuliza kwa nini hamuongei. Mtumie picha ya kurasa hizo za mwisho na swali moja tu: yeye, siku akirudi Kadutu, atataka kiti au mkeka? Halafu mwambie ukweli ulioniandikia mimi, kwamba ile hukumu mliyoikata pamoja juu ya Ramatoulaye wewe umeibatilisha, na umuulize kama yeye, aliyeondoka, bado yuko upande wa Aissatou. Huenda akakushangaza. Wanaoishi mbali mara nyingi humsoma Aissatou kwa uchungu kuliko sisi tuliobaki, kwa sababu wanajua bei ya nauli na ya upweke ambayo riwaya haikuiandika. Ikiwa atakubali, someni sura moja kila juma, kila mmoja kwake, kisha mzungumze kwa simu. Sura ni fupi, na nyingi zinamalizika kabla chai haijapoa.